Besi ya Minimoog kwenye laptopu: kwa nini inatoka nyembamba?

"Mwalimu, shikamoo. Napiga kinanda kwenye kwaya hapa Tanga, na nyumbani natengeneza biti. Nina laptopu ya RAM GB 8, kinanda kidogo cha MIDI (cha kuongozea programu za muziki) chenye funguo 25 na hedifoni. Nilinunua programu inayoiga Minimoog Model D, ile sinthesaiza (kinanda kinachozalisha sauti kwa umeme), kwa sababu nilitaka ile besi nzito ya rekodi za miaka ya 70. Kwangu besi inatoka nyembamba, hata nikipandisha nobu ya Emphasis ili iume zaidi. Tena noti ile ile mara ina uzito, mara inapotea. Nikibonyeza funguo tatu kwa pamoja inalia noti moja tu. Nikipiga sauti inachelewa, na nikipunguza kuchelewa inaanza kukwaruza. Nimefungulia hedifoni mpaka mwisho, sasa usiku masikio yananivuma. Rafiki yangu produsa anasema programu hizi ni rekodi tu za chombo halisi, ndiyo maana hazina uhai, na ananishauri nikope SACCOS ninunue cha chuma. Nifanyeje?"

Marahaba, kijana wangu. Tuanze na masikio, besi itasubiri. Masikio yanayovuma baada ya hedifoni ni masikio yaliyochoshwa kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linampa mtu mzima kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika desibeli 100, jambo ambalo hedifoni nyingi zinaliweza, unabaki na chini ya nusu saa kwa wiki nzima. Kwa hiyo weka hedifoni kando siku kadhaa. Mvumo ukiendelea baada ya hapo, nenda hospitali ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Na sikio moja likipoteza usikivu ghafla, usilale nalo. Nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu tiba ya hali hiyo hutegemea sana kuwahi.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Nikisoma barua yako naona malalamiko matano, lakini nyuma yake yote pana wasiwasi mmoja, kwamba umeuziwa kitu bandia. Hujauziwa. Mengi unayolalamikia yangekupata vile vile ungekuwa na Minimoog ya mwaka 1972 mezani, na hata hilo la kuchelewa lina dawa isiyohitaji mkopo.

Rafiki yako amechanganya aina mbili za programu. Ipo aina inayohifadhi rekodi. Piano na vinanda vya nyuzi unavyovipiga kanisani, mara nyingi ni sauti za vyombo halisi zilizorekodiwa noti kwa noti, nawe ukibonyeza ufunguo unaicheza ile rekodi. Programu inayoiga Minimoog kwa kawaida haina rekodi hata moja. Inachofanya ni hesabu. Inachukua tabia ya umeme ndani ya saketi, jinsi transista inavyopitisha mkondo na jinsi kapasita inavyojaa na kumwaga chaji, inaigeuza kuwa milinganyo, kisha inaikokotoa upya mara 44,100 au zaidi kwa sekunde. Ndiyo maana unaweza kuzungusha nobu katikati ya noti na sauti ikafuata bila kukatika.

Hesabu hizo hazikupatikana kwa urahisi. Minimoog ilitoka mwaka 1970, ikitengenezwa na kampuni ya Robert Moog huko Trumansburg, jimbo la New York. Moyo wake ni kichujio, sehemu inayopunguza sauti za juu, ambacho Moog alipata hataza yake mwaka 1969, kinachoitwa kichujio cha ngazi kwa sababu jozi za transista zimepandana kwenye mchoro kama vipago. Kina hatua nne, kila moja ikikata desibeli 6 kwa oktava, jumla 24. Tim Stilson na Julius Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford walikichambua kwa ajili ya kompyuta mwaka 1996, na mwaka 2004 Antti Huovilainen wa Finland akachapisha namna ya kuingiza ndani ya hesabu ule mkwaruzo laini unaoletwa na transista zikizidiwa. Hilo la mwisho lilisaidia kuziondolea programu hizi ubaridi wa plastiki waliokuwa wakiulalamikia watu zamani. Wanaosema programu haziwezi mara nyingi wanakumbuka zile za mwanzo.

Kichujio hicho hicho ndicho kinachokula besi yako, na wewe ndiye unayekilisha. Nobu ya Emphasis inachukua sehemu ya sauti iliyokwisha kutoka kwenye kichujio, inaigeuza kichwa chini, na kuirudisha pale inapoingilia. Kwenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yaliyo sawa na mahali ulipoweka Cutoff, ile nobu inayoamua kichujio kianze kukata wapi, zile hatua nne kwa pamoja zimekwisha kuizungusha sauti nusu mzunguko. Ikigeuzwa tena inajikuta inakwenda sambamba na ile inayoingia, zinajumlishana, na hapo unasikia ule mng'ato unaoupenda. Kwenye masafa ya chini kabisa, hatua hizo hazijaizungusha sauti karibu chochote. Inayorudi inakuta mwenzake anakwenda upande wa pili, na zinatoana. Kwa hiyo kila ukipandisha Emphasis unanunua mng'ato kwa kulipa besi. Ukifika karibu na pale kichujio kinapoanza kupiga filimbi chenyewe, masafa ya chini yanakuwa yamegawanywa kwa takriban 5, yaani yameshuka kama desibeli 14. Hiyo si hitilafu ya programu. Chombo cha chuma kinafanya hivyo hivyo, na mwandishi wa programu aliyeacha kuiiga tabia hiyo angekuwa amekudanganya.

Dawa yake ni kutafuta mng'ato mahali pengine. Rudisha Emphasis chini ya 3. Shusha Cutoff mpaka sauti iwe nzito na imefumba kidogo, kisha pandisha Amount of Contour, nobu inayoamua kichujio kifunguke kiasi gani, ili kila noti ianze kwa kufunguka na kujifunga haraka. Attack (muda wa kufunguka) iwe sifuri, Decay (muda wa kujifunga) iwe kati ya milisekunde 200 na 400, Sustain ya kichujio (kiwango kinachobaki) iwe chini. Ule mdomo unaofunguka na kufumba mwanzoni mwa noti ndio sikio linaousoma kama kuuma, na uzito wa chini unabaki pale pale. Ukiona kazi fulani inataka Emphasis kubwa kwelikweli, basi ikubali, halafu ongeza kiwango baada ya kichujio.

La pili, noti inayopatikana na kupotea. Hili lina raha yake, kwa sababu wengi hudhani kinanda chao cha MIDI ni kibovu. Minimoog ina osileta tatu, yaani sehemu zinazozalisha mawimbi ya sauti, na desturi ni kuzitofautisha kidogo tuni ili sauti inenepe. Huko juu inafaa sana. Huko chini ina gharama. Chukua noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, yenye masafa ya hezi 41.2. Weka osileta mbili zenye nguvu sawa, moja ikiwa juu ya mwenzake kwa senti 5, yaani sehemu 5 kwa 100 za nusu toni. Tofauti yao inakuwa hezi 0.12 hivi. Maana yake mawimbi yao ya msingi yanakwenda pamoja, yanaachana, yanapingana kabisa, kisha yanarudi pamoja, mzunguko mmoja kila sekunde 8 na kitu. Noti yako ya biti inadumu nusu sekunde. Ikiangukia pale yanapoenda pamoja, kifua kinatikisika. Ikiangukia pale yanapopingana, msingi umefutika na umebaki na sauti za juu tu. Noti ni ile ile, bahati ndiyo imebadilika.

Fanya hivi: osileta ya kwanza iache 16' (futi 16, alama ya oktava kwenye swichi yake), peke yake, ndiyo mwenye nyumba. Ya pili ipandishe 8', oktava moja juu, na hiyo ndiyo uitofautishe tuni upendavyo. Wimbi la msingi halina tena wa kupingana naye. Ya tatu ukiitaka, iwe na kiwango cha chini sana. Najua preseti (mipangilio iliyotengenezwa tayari) nyingi za besi zimefungua osileta zote tatu mpaka mwisho, zikapakwa korasi na mwangwi juu. Preseti imetengenezwa ipendeze ikisikika peke yake dukani. Ikikutana na ngoma na sauti ya mwimbaji, inabomoka.

Halafu kuna mchanganyiko, ile safu ya nobu za Volume za osileta. Watu huzichukulia kama vipimo vya kawaida vya sauti, kumbe kwenye chombo hiki ni sehemu ya rangi. Ukizipandisha kupita katikati, ishara inayoingia kwenye kichujio inakuwa kubwa kuliko transista zinavyoweza kuipitisha kwa usafi, kwa hiyo vilele vya wimbi vinabonyezwa na sauti mpya za juu zinazaliwa. Hizo ni muhimu kwa wewe unayetengeneza biti, kwa sababu wasikilizaji wako wengi wanatumia simu. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 41 hata ungeiomba. Lakini ubongo ukisikia hezi 82, 124 na 165 kwa pamoja, unaijazia wenyewe ile 41 isiyokuwepo. Besi inayosikika nzito kwenye kitu kidogo ni besi yenye sauti za juu za kutosha, wala si yenye chini nyingi zaidi. Kwa hiyo sukuma nobu hizo mpaka 6 au 7, kisha shusha Volume kuu ya mwisho ili usizidishe kiwango kwenye wimbo. Programu nyingi pia zimeiga ujanja wa zamani wa wapigaji, kuchukua sauti ya tundu la hedifoni na kuirudisha kwenye tundu la sauti ya nje. Kidogo chake kinanenepesha. Kingi kinanguruma.

Kuhusu noti moja badala ya tatu: Minimoog haipigi noti mbili kwa wakati mmoja, ilizaliwa hivyo. Ukibonyeza funguo kadhaa, chombo cha asili kinapiga ile ya chini kabisa. Tena kama hujainua kidole, noti inayofuata haianzishi upya ule mdomo wa kichujio, inateleza tu kutoka ya kwanza. Wewe umelelewa na piano, na mpiga piano hufunganisha noti. Ukifunganisha hapa, nusu ya noti zako zinatoka zimelala. Inua kidole kikamilifu pale unapotaka noti ipige, funganisha pale unapotaka iteleze. Funguo za asili pia hazikujali umegonga kwa nguvu au polepole; zima mwitikio huo kwenye programu kama umewashwa, halafu tumia gurudumu la kushoto na kidole chako kutia hisia. Uhai anaoutafuta rafiki yako kwa kiasi kikubwa upo hapa, kwenye kuinua kidole. Programu yako inaweza kuwa na swichi ya kupiga noti nyingi. Kwa besi iache imezimwa.

Tofauti ya kweli kati ya programu na chuma ipo, sitakuficha. Wimbi la msumeno, mojawapo ya mawimbi ya osileta, lina sauti za juu zisizo na mwisho. Kompyuta inayofanya kazi kwa sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba masafa yanayozidi hezi 22,050, na yanayozidi hayapotei, yanajikunja na kurudi chini. Umewahi kuona kwenye video tairi la gari linaloonekana kurudi nyuma ilhali gari linakwenda mbele; ni jambo hilo hilo. Noti ya juu yenye hezi 3,000 ina sauti yake ya 14 kwenye hezi 42,000. Ikijikunja inatokea kwenye 2,100, chini ya noti yenyewe, tena haina uhusiano wowote wa kimuziki nayo. Sikio linaipokea kama uchafu wa kioo. Waandishi wazuri huizuia kwa kukokotoa mara mbili, nne au nane zaidi kwa sekunde, ndiyo ile swichi ya ubora unayoiona kwenye programu, na ndiyo inayoitesa prosesa yako. Habari njema ni kwamba kwenye noti za besi, na kichujio kikiwa kimefumba, uchafu huo ni mdogo mno. Tofauti utaisikia kwenye solo za juu zenye Cutoff wazi, kuliko kwenye kazi unayoniuliza.

Tofauti nyingine ni kuyumba. Osileta za analogi huhama tuni kwa joto, kwa kuwa sehemu inayogeuza volti kuwa masafa inategemea transista, na bila fidia mwinuko wake hubadilika kwa takriban sehemu 1 kwa 300 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Watengenezaji waliweka fidia, lakini vya miaka ya mwanzo vilisifika kwa kuyumba. Sasa fikiria chombo hicho kwenye chumba cha Tanga mwezi wa pili, feni ikizunguka na umeme ukikatika. Programu nyingi zinaiga kuyumba huko kwa nobu moja, na unaweza kuipunguza. Mwenye chuma hana nobu hiyo.

Kuchelewa na kukwaruza ni pande mbili za jambo moja. Kompyuta inakusanya sampuli kwenye bafa kabla ya kuzitoa. Bafa ya sampuli 1,024 ni milisekunde 23, na kidole kinaisikia. Ya 256 ni karibu milisekunde 6, na wengi wetu tunaiweza, lakini prosesa isipomaliza hesabu ndani ya muda huo, sauti inakatika na ndio huo mkwaruzo. Kama unatumia Windows, hakikisha kwanza programu yako ya kurekodia inatumia draiva ya ASIO (inayoiunganisha na kadi ya sauti kwa njia ya mkato), kwa sababu njia ya kawaida ya Windows huongeza kuchelewa kwake juu ya bafa. Kadi ndogo ya sauti ya nje huja na draiva yake na mara nyingi inamaliza tatizo. Ukiwa unapiga, weka ubora wa programu chini kabisa na bafa 256, laptopu ikiwa kwenye umeme na Wi-Fi imezimwa. Ukimaliza kupiga, pandisha ubora mpaka juu, igeuze besi kuwa faili la sauti, kisha zima programu. RAM ya GB 8 inakutosha, kwani hesabu hizi hazili RAM, zinakula prosesa.

Na hedifoni zako? Hapo siwezi kukuhukumia kwa barua. Sikio la binadamu ni dhaifu kwenye besi sauti ikiwa ndogo, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima tangu mwaka 1933, kwa hiyo anayeongeza sauti husikia besi zaidi hata kama hajabadilisha chochote. Ndivyo ulivyojikuta mwisho wa nobu. Kwa hiyo chukua wimbo mmoja wenye besi unayoipenda, uweke kwenye mradi wako, na ushushe kiwango chake mpaka ulingane na wako kabla ya kulinganisha. Kisha beba faili lako kwenye flashi uende studio yoyote yenye spika nzuri, hata ya huyo rafiki yako, uwaombe dakika kumi. Besi ikitoka nzito kule, mgonjwa ni hedifoni. Ikitoka nyembamba kule pia, rudi kwenye Emphasis.

Tukifika kwenye mkopo, ushauri wangu ni usikope. Minimoog mpya iliyorudishwa sokoni na kampuni ya Moog mwaka 2022 ilitoka kwa bei ya takriban dola 5,000 za Marekani, na ukiileta hapa kuna usafiri na ushuru. Fedha hizo zingekupatia kadi ya sauti, spika za studio, kinanda kikubwa zaidi na matibabu ya chumba, na bado ubaki na chenji nzito. Zipo nakala za chuma za bei nafuu. Model D ya kampuni ya Behringer, iliyoingia sokoni mwaka 2018, iliuzwa kwa dola 300 hivi bila funguo. Hiyo naielewa zaidi, kama unapenda kushika nobu kwa mkono na una fedha taslimu. Ujue tu kwamba haikumbuki sauti uliyotengeneza jana, inapiga noti moja tu kwa wakati mmoja, na huwezi kufungua nakala zake tatu kwenye mradi kama unavyofanya sasa. Ukitaka kujaribu ladha nyingine bila kutoa hata shilingi, programu ya Surge XT ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, na ndani yake mna vichujio vya mtindo wa ngazi. Usiguse nakala zilizovunjwa za mitaani; virusi utakavyopakua vitakugharimu zaidi.

Na kama siku moja utapata Minimoog ya kale, mtumba kutoka Marekani, usiichomeke ukutani kwa furaha. Kule umeme ni volti 120, hapa ni 230. Mpelekee kwanza fundi wa elektroniki aangalie sehemu ya umeme na zile kapasita ambazo sasa zina umri wa karibu miaka 50, aiwashe mbele yako, iache iwake saa nzima, kisha upige oktava zote za kila osileta ukiwa na tuna mkononi. Muuzaji akikataa hilo, usilipe.